Mcheza kamari aliyegeuka mtumishi wa wagonjwa



Huenda leo umekaa benchi la nyuma kanisani kwa sababu unayajua ya moyoni mwako. Labda ni pombe. Labda ni mikeka ya kubeti iliyochanika na kuondoka na ada ya mtoto. Unajiambia kwamba kazi ya Mungu ni ya watu safi, si yako. Kabla hujakata shauri, nikusimulie habari za Mtakatifu Kamili wa Lellis.

Alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia. Baba yake alikuwa askari na mpenda kamari, na mtoto akafuata nyayo hizo. Mama yake alifariki Kamili angali mvulana. Kijana huyo mrefu, mwenye hasira za haraka, akaingia jeshini kwa ajili ya mshahara, na mshahara ukaishia kwenye karata. Ndipo akapata kidonda mguuni ambacho hakikumwacha tena.

Mwaka 1571 alikwenda Roma kutibiwa katika hospitali ya San Giacomo, akifanya humo kazi ya utumishi. Karata na ugomvi vikamfukuzisha. Mwaka 1574, akiwa Napoli, alicheza mpaka akabaki hana kitu. Yule askari akawa ombaomba mlangoni pa kanisa mjini Manfredonia, hadi alipopata kibarua cha ujenzi kwa Wakapuchini. Tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani, maneno aliyoambiwa na mtawa mmoja yalimchoma. Alipiga magoti, akalilia dhambi zake. Alikuwa na miaka 24.

Ungedhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. La! Aliomba kuwa Mkapuchini, kidonda kikafumuka, akarudishwa. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Basi akarudi San Giacomo, palepale alipofukuzwa. Humo aliona wagonjwa wakihudumiwa na watu waliofuata ujira tu, wasiojali mgonjwa amekula au amelala katika uchafu. Yeye aliyekuwa na kidonda alijua maana ya kusubiri maji usiku na asitokee mtu.

Mwaka 1582 alianza kukusanya wenzake wa kuwahudumia wagonjwa kwa upendo. Akiwa amepita miaka 30 aliketi darasani pamoja na wavulana, akapewa upadre mwaka 1584. Miaka miwili baadaye, Papa Sisto wa Tano aliidhinisha shirika lake na kuruhusu wavae msalaba mwekundu kifuani. Kazi hiyo iligharimu maisha: huko Napoli wenzake walikufa wakiwahudumia wagonjwa wa tauni ambao wengine waliwakimbia.

Kamili mwenyewe alijikokota kutoka kitanda hadi kitanda, mguu ukiuma, kwa miaka mingi. Alifariki Roma tarehe 14 Julai 1614. Mwaka 1746 alitangazwa mtakatifu, na leo ni msimamizi wa wagonjwa, wauguzi na hospitali. Watawa wake wapo hata hapa kwetu Afrika Mashariki.

Ndugu yangu, tazama vizuri. Mungu hakumponya Kamili kidonda ndipo amtume, alimtuma nacho. Wala hakumpeleka mahali pasipojua aibu yake, bali alimrudisha mlango uleule aliotolewa. Hii haina maana kwamba kamari ni jambo dogo. Kamili aliiacha, na kuiacha kulimtoa machozi. Nawe anzia hapo: nenda kwenye kitubio, zungumza ukweli na mwenzi wako, omba msaada.

Kisha usikae ukisubiri kuwa mkamilifu. Katika jumuiya yako ndogondogo yupo mgonjwa ambaye wiki hii hajatembelewa. Nenda ukamchotee maji, umfulie shuka, usali naye. Atakayekupokea hatauliza jana ulikuwa wapi.

Mtakatifu Kamili, utuombee. Jumapili njema.