John Akii-Bua: bingwa aliyekimbia nchi, akarudi kufundisha

Katika mikutano yetu ya Baraka na Fizi swali moja linarudi kila mara: mtu aliyekaa ukimbizini miaka mingi, akishuka bandarini na mabegi mawili tu, analetea nchi faida gani? Safari hii tunajibu kwa maisha ya mtu wa jirani, Muganda wa upande wa kaskazini, ambaye wazee wengi waliwahi kusikia jina lake kwenye redio.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka wa 1949 katika nchi ya Walango. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi na watoto zaidi ya arobaini. Mtoto alichunga ng'ombe kama watoto wengine, na alipokuwa kijana akaingia polisi. Ni huko polisi kipaji chake kilionekana. Jerom Ochana, polisi mwenzake aliyekuwa bingwa wa kuruka viunzi kabla yake, alikuwa sasa anafundisha vijana. Ochana aliweka fimbo juu ya kiunzi ili kijana ajifunze kupita chini-chini, asipoteze muda hewani. Akikosea, paji la uso linagonga fimbo ama goti linagonga kiunzi. Aliumia, lakini alijifunza.

Kisha akaja kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamuhamisha kwenye mita 400. Hiyo mbio ni ngumu sana: viunzi kumi, kila kimoja karibu sentimita 91, yaani kiunoni kwa mtu mzima, na unaviruka huku pumzi imekwisha. Mwaka wa 1970, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alitoka wa nne. Hakukata tamaa. Alirudi mazoezini, akakimbia milimani akiwa amevaa uzito mwilini.

Tarehe 2 Septemba 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, walimpa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi hawaipendi. Pembeni alikuwamo David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua aliwaacha wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya 48. Ndiyo ilikuwa medali ya dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Idi Amin alikuwa mamlakani, na Walango na Waacholi walikuwa wanauawa. Akii-Bua, Mlango, alipewa cheo, nyumba, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Serikali ilimuonyesha kwa wageni huku watu wa kwao wanapotea. Mwaka wa 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, juu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Nafasi yake ya kutetea dhahabu ikapita hivyo.

Mwaka wa 1979, Amin alipoanguka, bingwa alikuwa na woga wa pande mbili. Watu wa Amin walimjua ni Mlango. Walioshinda wangeweza kusema alikula na Amin. Alichukua familia, akavuka mpaka kwenda Kenya, akaishia kambi ya wakimbizi. Mtu mwenye dhahabu ya Olimpiki, akingojea kama sisi tulivyongojea Nyarugusu na Lugufu. Watu wa kampuni ya viatu Puma walimtoa, akaenda kufanya kazi kwao Ujerumani. Mwaka wa 1980 alikimbia Moscow, ila hakufika fainali. Miguu ilikuwa imechoka.

Hapo angeweza kubaki Ulaya. Kumbe alirudi. Baada ya miaka michache ya Ujerumani alirudi Uganda, nchi iliyokuwa bado na vita, akawa kocha. Alichokuwa nacho ni kile Ochana na Arnold walichomuwekea mwilini, na ndicho aliwagawia vijana. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, na umri wa miaka 47, akiacha watoto kumi na mmoja. Serikali ilimzika kwa heshima. Lira, uwanja wa michezo una jina lake. Uganda ilingoja miaka 40 kamili kabla ya dhahabu ya pili, ya Stephen Kiprotich kwenye marathoni ya London 2012.

Tunaandika haya juu huku kwetu bado tunasikia maneno: huyu alikuwa upande gani, yule alikula na nani. Wakati huo fundi cherehani, fundi seremala, mwalimu na muuguzi waliojifunza kambini wanakaa mikono mitupu. Kabla ya kumuuliza mtu alikotoka, tumuulize anajua kufanya nini, na nani anataka kujifunza kwake. Mwanachama mwenye ufundi aje ajiandikishe kwa kamati ya kijiji chake. Na ninyi wafadhili, mkituuliza vyombo gani vinahitajika, tutawajibu kwa orodha hiyo: nani anafundisha, vijana wangapi, na wanakosa nini.