Baba wa Zawadi

Huko Kilwa Kisiwani, juu ya jabali litazamalo bahari, yamesimama magofu ya Husuni Kubwa. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pande nane. Wachimbuzi wa mambo ya kale wasema mjenzi wake alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, siku ambazo dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Sarafu yenye jina lake ilipatikana hata katika magofu ya Great Zimbabwe, mwaka 1971.

Lakini watu wa zamani zake hawakumsifu kwa jumba. Walimwita Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, asimulia kwamba alikula pamoja na mafakiri. Ijumaa moja, Sultani akitoka kusali, fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani hakukasirika, alirudi msikitini, akajivua, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akataka kuzikomboa nguo za baba, akampa fakiri watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolishukuru tendo lile, akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Nguo zilikuwa zake, na kuzitoa kulikuwa wema wa kweli. Je, watu wale 20? Msafiri huyo huyo atueleza kwamba Sultani alizoea kuwashambulia watu wa bara, na sehemu ya tano ya nyara akaiweka kando kwa matumizi yaliyoagizwa na dini yake. Aliitenga kwa uaminifu, nasi twajua matajiri wasiotenga hata hiyo. Lakini maskini wa Yemen alitajirishwa kwa maskini wa bara, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Wala tusijione safi sisi tuliobatizwa: mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1000 kila mwaka.

Al-Hasan alipofariki, alirithiwa na nduguye Daudi, mtu wa tabia nyingine kabisa. Mwombaji alipomjia, alijibiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walingoja kwake miezi mingi, ndipo wakapewa kidogo sana, hata watu wakakoma kumwendea.