Marie Curie, manesi wa vitani na mionzi ya kwenye gari

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Marie Curie wengi tulimkuta kwenye fizikia, tukajibu mtihani, tukamsahau. Mimi nataka niwape stori yake ya vitani, maana ndiyo inayowagusa manesi na naona haisimuliwi sana.

Kwa kifupi tu: alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1867, akaenda Paris 1891 kusoma, akaolewa na Pierre Curie 1895. Mwaka 1898 wakagundua poloniamu na radiamu. Nobel ya fizikia 1903, mume akagongwa na mkokoteni wa farasi akafa 1906, Nobel ya kemia 1911. Mjane mwenye mabinti wawili, huyo!

Basi 1914 vita ikaingia Ufaransa. Majeruhi wanaletwa na vyuma mwilini, daktari anapasua kwa kubahatisha. Eksirei ilikuwepo tangu 1895 lakini mashine nyingi ziko mjini, mbali na mapigano. Mama akaomba magari kwa matajiri, akafunga mashine humo ndani, umeme ukitoka kwenye dainamo inayozungushwa na injini ya gari lenyewe. Magari yalifika kama 20, na vyumba vya eksirei 200 hospitalini. Akajifunza udereva. Binti yake Irène, miaka 17 tu, akaingia kazini naye, na baadaye wakafundisha wanawake wapatao 150 kazi hiyo.

Hapa ndipo panaponiuma. Hatari ilishajulikana! Clarence Dally, msaidizi wa Edison kule Marekani, alikatwa mikono yote miwili kwa saratani iliyotokana na eksirei, akafa 1904. Lakini vitani kinga ilikuwa hafifu na beji za kupima mionzi hazikuwepo. Askari anapigwa picha anaondoka zake, mhudumu anabaki pale pale na mgonjwa mwingine, na mwingine, kutwa nzima. Kiswahili chetu bwana: risasi ilikuwa mwilini mwa askari, na risasi hiyo hiyo, yaani yale madini mazito, ndiyo ingemkinga nesi.

Marie alikufa Julai 1934, uboho umeshindwa kutengeneza damu. Irène naye, mwenye Nobel yake ya 1935, akafa kwa saratani ya damu 1956, ana miaka 58. Sasa sikilizeni hili: mwaka 1995 mabaki ya Marie yalihamishiwa Panthéon, wataalamu wakapima jeneza wakakuta radiamu ni kidogo kuliko walivyotegemea. Wakasema inaelekea kilichomuumiza zaidi ni eksirei za vitani. Yaani si maabara, ni kazi ya hospitali.

Siku hizi kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukihesabu miaka mitano. Na umbali ni dawa: ukisimama mara mbili ya umbali ule, mionzi inapungua hadi robo. Lakini nesi anayemshikilia mtoto anayelia asitikisike atasogea wapi? Huyo anahitaji aproni ya risasi, na beji inayosomwa kweli, siyo ya kuning'inia kifuani kama pambo.

Manesi mnaopita hapa, hebu semeni: beji mnazo? Na zikisomwa, majibu mnaonyeshwa, au yanaishia kwenye faili la bosi?