Jim Jones na Biashara ya Akhera

Habari za Shakahola, Kilifi, zilipotangazwa mwaka 2023, wanafunzi wangu wa somo la dini waliniuliza: mtu mzima hukubalije kujiua kwa njaa ili amwone Yesu? Niliwasimulia habari za Jim Jones.

Alizaliwa mwaka 1931 Indiana, Marekani. Miaka ya 1950 alianzisha kanisa lililowakusanya weusi na weupe na kulisha maskini. Hapo ndipo wanyonge walipompenda. Alijifanya mponyaji, na baada ya kuhamia California, waumini wakamkabidhi nyumba na mishahara yao. Mwaka 1977 yeye na mamia ya wafuasi wake walihamia msituni Guyana. Huko pasi zao zilishikiliwa, wakafanyishwa hata mazoezi ya kunywa sumu.

Tarehe 18 Novemba 1978 watu wake walimuua mbunge Leo Ryan, aliyekwenda kuchunguza. Jioni hiyo Jones aliwaamuru wote wanywe sianidi, akidai kifo ni kuvuka tu kwenda kupumzika. Walianza na watoto. Walikufa zaidi ya 900, watoto wakiwa takriban 300. Yeye alikufa kwa risasi.

Ndugu Waislamu, akhera ni haki, lakini ufunguo wake hauko mkononi mwa sheikh wala mchungaji. Suratun-Nisaa, aya ya 29, inatukataza kujiua. Tujihadhari na kila anayetutenga na jamaa zetu, akashika mali zetu na kutuziba midomo. Wanafunzi wangu nimewaambia: hata mimi nikiwakataza kuuliza, niacheni.

Allah atuhifadhi.