Franco Luambo: shule aliyoiacha na ile ambayo hakuiacha

Kasongo kama Kabambare, mtoto anapoanza kukwepa darasa kwa ajili ya gitaa, na baba anapotishia kulivunja gitaa hilo, jina la Franco halikawii kutajwa. Mtoto hulishika kama ngao: Franco hakumaliza shule, na mbona alikuwa Franco? Mzazi hana jibu, kwa kuwa ni kweli hakumaliza. Ila hadithi hiyo husimuliwa nusu tu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye faida kwa mzazi na kwa mtoto pia.

Watu wa Maniema ya kusini wana haki ya kuidai hadithi hii kuliko wanavyodhani. François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, kwenye njia ya reli kati ya Matadi na Leopoldville, mbali kabisa na kwetu. Mama yake alikuwa Mkongo wa huko Bas-Congo. Lakini baba yake, Joseph Emongo, aliyefanya kazi ya reli, alikuwa Mtetela. Watetela wa Sankuru na Wakusu wa Kasongo na Kibombo ni watu wa asili moja, na lugha zao husikilizana. Kwa upande wa baba, basi, Franco ni mtoto wa ndugu, hata kama maisha yake yote aliimba zaidi kwa Lingala.

Familia ilihamia Leopoldville yeye akiwa bado mdogo sana. Alianza shule kama watoto wengine wa mjini. Mwaka 1949 baba akafariki, na mtoto alikuwa na miaka kama 11. Mama akabaki peke yake na watoto wa kulisha, na kazi aliyokuwa nayo ni kuuza mandazi sokoni Ngiri-Ngiri. Pesa ya shule haikupatikana tena. Franco akatoka darasani, na hakurudi.

Hapo ndipo hadithi inayosimuliwa mitaani inapoanza kupinda. Franco hakuacha shule kwa sababu ya muziki. Aliacha kwa sababu ya kifo cha baba na mfuko mtupu wa mama. Hakuna aliyekaa chini akachagua gitaa badala ya daftari. Mjane yeyote wa Kabambare anayeuza mihogo barabarani anajua tofauti ya mambo hayo mawili, na hahitaji kufafanuliwa.

Uchaguzi wa kweli ulikuja baadaye kidogo, na aliyeufanya ni mama. Mtoto alikuwa amejitengenezea gitaa la kopo, nyuzi zake zikiwa ni waya za umeme zilizochunwa ngozi. Alipiga pia harmonika. Mama Makiese angeweza kumpeleka kwa fundi seremala, au kwa fundi wa baiskeli, au kumbebesha sinia la mandazi azunguke nalo mtaani. Mama wengi wa wakati ule, na wa sasa, wangefanya hivyo na wasilaumiwe. Mpiga gitaa hakuwa mtu wa kuheshimiwa. Alihesabiwa pamoja na wanywaji wa pombe na wazururaji wa usiku. Mama huyu alimwacha mtoto akae karibu na meza yake ya mandazi apige. Watu wakasimama kusikiliza, na waliosimama wakanunua. Sokoni wapo waliosema mama anampoteza mtoto. Mandazi, hata hivyo, yalikuwa yakiisha.

Kati ya waliosikia kopo lile likilia ni kijana aliyeitwa Paul Ebengo, anayejulikana zaidi kama Dewayon. Huyo alikuwa na gitaa la kweli na alijua kulipiga. Akamchukua mtoto akaanza kumfundisha: vidole viwekwe wapi, kidole gumba kifanye nini wakati kile cha shahada kinafanya kingine, wimbo uanzie wapi na urudie wapi. Albert Luampasi, mpiga gitaa mwingine aliyekuwa akirekodi katika studio ya Ngoma, naye alimwongezea elimu. Dewayon alipounda kundi lake la Watam, karibu mwaka 1950, Franco aliingia humo akiwa na miaka kama 12.

Mtu akilitazama jambo hili vizuri, ataona kwamba mtoto huyu alikuwa amehamia shule nyingine. Hapakuwa na ubao wala kengele, lakini mwalimu alikuwapo, mazoezi ya kila siku yalikuwapo, na kuaibika mbele ya watu ndio mtihani wenyewe. Mtoto wa miaka 12 anayekosea nyuzi mbele ya wakubwa waliolipa bia yao hapati nafasi ya pili kirahisi. Na shule hii hakuiacha. Watoto wangapi wa mtaa ule walijifunga gitaa la kopo mwaka huo wakalitupa baada ya mwezi? Majina yao hayapo popote.

Mwaka 1953 Franco alifikishwa kwenye studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya mfanyabiashara Mgiriki, Basile Papadimitriou. Mkubwa wa wanamuziki pale alikuwa Henri Bowane, yule aliyempigia gitaa Wendo katika wimbo wa Marie-Louise mwaka 1948, wimbo uliotikisa Kongo nzima. Bowane alikuwa mtu mzito, hakupenda mchezo. Walimpa kijana gitaa ambalo kwa mwili wake lilionekana kubwa mno, akalipiga kama mtu aliyezaliwa nalo. Papadimitriou akamfunga kwa mkataba wa miaka 10. Bowane ndiye aliyemkatia jina la François akamwita Franco. Kabla mwaka huo haujaisha sahani yake ya kwanza ilikuwa imetoka, na yeye alikuwa na miaka 15.

Mkataba huo nao unastahili kutazamwa. Kwa familia ya mjane ulikuwa mlango wa wokovu. Kwa upande mwingine, mtoto wa miaka 15 alikuwa ameuza miaka 10 ya vidole vyake kwa mtu mzima mwenye biashara, na wala hakuna aliyelishangaa jambo hilo Leopoldville ya wakati ule. Wazazi wanaomwachia mtoto kipaji chake huwa wanafikiria jukwaa tu. Karatasi ya kutiwa sahihi hawaifikirii.

Tarehe 6 Juni 1956 ilizaliwa OK Jazz, iliyochukua jina la baa iliyowapa mahali pa kupiga, OK Bar. Franco hakuwa mkubwa wa kundi hilo mwanzoni. Vicky Longomba na wengine walikuwa mbele yake kwa umri na kwa sauti. Lakini gitaa lake ndilo lililowafanya watu wa Leopoldville wavuke barabara. Upande wa pili walikuwa African Jazz wa Joseph Kabasele, na hapa pana jambo ambalo mtoto anayetaja jina la Franco hulisahau kila mara. Kabasele alikuwa amefika sekondari na aliwahi kuwa mpiga chapa ofisini. Mpiga gitaa wake, Nicolas Kasanda, ambaye baadaye aliitwa Docteur Nico, alikuwa na masomo ya ufundi na alipata kuwa mwalimu. Tabu Ley, aliyewafuata, alikuwa mtu wa shule pia. Yaani katika magitaa mawili makubwa ya Kongo ya wakati ule, moja lilitoka sokoni na jingine lilitoka darasani. Mtu hawezi kulitumia moja kama ushahidi akalificha jingine.

Mwaka 1958 Franco alifungwa gerezani kwa kosa la kuendesha moto bila kibali. Alikuwa na miaka 20, ana pesa, ana jina, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Alipotoka mashabiki walimpokea kama mfalme. Wazazi wenye vijana waliopata pesa mapema, iwe ya muziki au ya mpira au ya dhahabu ya Salamabila, hawatashangaa kusikia habari hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana. Vicky na wenzake walipoondoka, kundi likabaki mikononi mwa Franco. Likawa Tout Puissant OK Jazz, likafika kuwa na watu zaidi ya 30, likapiga Nairobi na Dar es Salaam na Ulaya. Mobutu alimtumia, na yeye alimtumia Mobutu. Kuna nyimbo za kusifu chama alizoimba ambazo leo hazisikilizwi kwa raha. Mwaka 1978 alifungwa tena, mara hii kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi. Miaka miwili baadaye serikali ile ile ilimpa heshima ya Grand Maître wa muziki wa Zaire. Yote hayo yanaweza kupitwa haraka. Lenye uzito zaidi kwa swali la wazazi lilitokea nyumbani.

Mama Makiese alikuwa na mtoto mwingine wa kiume mwenye gitaa, Siongo, ambaye Leopoldville nzima ilimjua kwa jina la Bavon Marie-Marie. Alizaliwa mwaka 1944, kwa hiyo alikuwa mdogo wa Franco kwa miaka sita hivi. Alikua akiona kaka yake anavyovaa, anavyosalimiwa, na magari anayoshukia. Akawa mpiga gitaa wa okestra ya Negro Success, na vijana wakampenda kwa namna ambayo hata Franco hakupendwa: nguo, staili, majina ya wasichana. Usiku wa mwezi Agosti 1970 gari lake lilipata ajali mjini Kinshasa. Alikuwa na miaka 26. Msichana aliyekuwa naye alibaki kilema. Mji ukaanza kunong'ona kwamba kaka ndiye aliyemtoa ndugu yake kwa uchawi ili jina lake lizidi kupaa. Maneno ya namna hiyo yanafahamika vizuri Kasongo na Kabambare pia, kila kijana mwenye bahati anapofiwa. Franco aliumia kiasi cha kuacha kupiga kwa muda. Na mama, aliyewaachia wote wawili gitaa, alizika mmoja na kusikia mwingine akiitwa mchawi.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama mama huyu alifanya sawa, jibu halitoki kwa urahisi. Nyumba moja, mama mmoja, ruhusa ile ile, na matunda mawili tofauti. Ajali si kosa la gitaa, hilo ni wazi. Dereva wa lori hufa na mwalimu hufa. Lakini maisha ya usiku yana barabara zake, na mzazi anayemruhusu mtoto kuingia humo hapaswi kujifanya hajui.

Mwaka 1985 Franco alitoa Mario. Kila mtu wa mashariki ya Kongo aliyezidi miaka 40 ameucheza, hata kama Lingala haimwingii vizuri. Ni habari ya kijana mwenye diploma nyingi anayekula kwa mama mtu mzima badala ya kutafuta kazi. Wapo walioona ndani yake kisasi cha mtu asiye na cheti dhidi ya wenye vyeti. Huenda ni kweli kidogo. Lakini miaka miwili baadaye, mwaka 1987, mtu yule yule alitoa wimbo mrefu juu ya UKIMWI, Attention na SIDA, na sehemu kubwa yake aliisema kwa Kifaransa, akiwahimiza wazazi, walimu, waganga na viongozi wa dini wafanye kazi yao. Kifaransa hicho alikijenga mwenyewe ukubwani, kidogo kidogo, kama alivyojenga gitaa la kopo. Mtu aliyedharau shule hasumbuki hivyo.

Leo hali ya wazazi wa Kabambare si ile ya Mama Makiese. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure kwa sheria, ingawa kila mzazi anajua daftari, nguo na njaa ya mchana havijafutwa na sheria hiyo. Na kinachowatoa watoto darasani Salamabila na kandokando ya Namoya mara nyingi si gitaa. Ni shimo la dhahabu. Shimo halina Dewayon wa kumwekea mtoto vidole mahali pake, wala halina mazoezi yanayomfanya kuwa bora kesho kuliko jana. Mzazi aliyebahatika kuwa na mtoto ambaye ugonjwa wake ni gitaa, au ngoma, au kinanda cha kanisani, ana tatizo jepesi kuliko jirani yake. Anaweza kumtafutia mwalimu. Anaweza kumwekea saa: asubuhi darasa, jioni nyuzi. Na mtoto akichoka baada ya miezi sita akataka kuacha, mzazi atakuwa na kitu cha kupima: je, amechoka na muziki, au amechoka na kurudia zoezi lile lile? Franco alirudia. Bowane hakuwapokea Loningisa waliochoka na zoezi.

Mwishoni mwa maisha yake mwili wa Franco, uliokuwa mnene kupita kiasi, ulikonda watu wakashindwa kuutambua. Mji ulinong'ona tena, kama ulivyonong'ona mwaka 1970. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku 4 za maombolezo, na redio ya taifa ikapiga nyimbo zake mfululizo. Alizikwa kwenye makaburi ya Gombe mbele ya umati uliojaza barabara, na kati ya waliosimama pale walikuwamo wengi waliowahi kupita chini ya mkono wake kama wanafunzi: waimbaji, wapuliza tarumbeta na wapiga gitaa ambao aliwapokea vijana, akawafokea kwa kukosea, na hakuwaruhusu kupanda jukwaani mpaka wimbo ukae sawa.