Thomas Midgley na Risasi ya Kwenye Petroli

Sisi wa uhandisi tunafundishwa majina ya waliobuni vitu, lakini ni mara chache tunaambiwa vitu hivyo vilimdhuru nani. Leo nawaletea Thomas Midgley, Mmarekani aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1889 na kusomea uhandisi wa mitambo Cornell.

Kazi aliyopewa pale General Motors ilikuwa kutibu injini zinazogonga, yaani petroli inajiwakia yenyewe ndani ya silinda na nguvu inapotea. Akajaribu kemikali chungu nzima, mpaka Desemba 1921 alipotia tetraethili ya risasi (risasi madini, siyo ya bunduki!) na kugonga kukakoma. Spiriti nayo ingeifanya kazi hiyo, ila spiriti kila mtu anaweza kuipika, nani atailipia hataza? Biashara ni biashara bwana.

Kwamba risasi ni sumu, watu walijua tangu enzi za Warumi. Midgley mwenyewe ilimpata, mwaka 1923 ikabidi aende Florida kupumzika. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi wakaanza kuona vitu visivyokuwepo, wengine ikabidi wafungwe, na watano wakafa. Mwezi huohuo Midgley akasimama mbele ya waandishi wa habari, akajimiminia dawa ile mikononi na kuinusa dakika nzima, eti ni salama. Hapo mimi nashindwa kumtetea. Alikuwa anajua.

Mwili huipokea risasi ukidhani ni kalsiamu. Inapenya ubongoni, nyingine inajificha mifupani miaka mingi. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, hasa yule ambaye chakula chake hakina chuma wala kalsiamu ya kutosha, maana utumbo wake unaifyonza zaidi. Kwa hiyo mtoto wa uji mtupu anayecheza kando ya barabara anapigwa mara mbili.

Midgley alipata polio mwaka 1940, akajiundia kamba na kapi za kumwinua kitandani. Novemba 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizohizo, akiwa na miaka 55. Petroli yake iliendelea. Kwetu Afrika Mashariki iliondolewa kufikia 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, 2021. Mwaka huo 2006 mimi nilikuwa nimeshaanza shule zamani, na kila asubuhi nilipita kando ya barabara kuu.