Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeshuka shimoni

Koltani ya Rubaya ikifika viwandani, wanatoa ndani yake metali inayoitwa tantali. Sehemu kubwa ya tantali hiyo inaingia katika kondansateri, kile kidude cha ndani ya simu kinachoweka umeme na kuutoa unapohitajika. Uwezo wake unapimwa kwa faradi. Jina hilo linatoka kwa Mwingereza Michael Faraday, na sisi wachimbaji tuna sababu mbili za kumjua.

Alizaliwa London mwaka wa 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, tena mgonjwa mara nyingi, na nyumbani chakula kilikuwa kidogo. Masomo hayakuenda mbali. Alipofika miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyovishona. Mwaka wa 1813 mwanasayansi Humphry Davy akamchukua kuwa msaidizi wake.

Sababu ya kwanza ni kazi yake ya 1837. Alitwaa mpira wa shaba, akauweka ndani ya mwingine bila kugusana. Kukiwa na hewa tu katikati, umeme uliokaa ulikuwa kidogo. Akitia kioo ama kiberiti cha mawe, ulikaa mwingi zaidi. Vitu vya namna hiyo vinaitwa dielektriki: havipitishi umeme, ila vinasaidia kuuweka. Faraday alifikiri kwamba chembe zake zinapata pande mbili, chanya na hasi. Waliomfuata walieleza zaidi. Molekuli za maji zina pande hizo tangu mwanzo, ni za polari, na umeme unazigeuza. Za petroli hazina. Umeme unazivuta kidogo tu. Katika kondansateri ya tantali, dielektriki ni ngozi nyembamba sana, kama kutu, juu ya tantali yenyewe. Ndiyo inayofanya kidude kidogo kibebe umeme mwingi, na ndiyo maana jiwe letu linatafutwa.

Sababu ya pili ni Haswell, mgodi wa makaa ya mawe. Mwezi wa 9 mwaka wa 1844 ulilipuka, wakafa wanaume na watoto 95. Avoka wa wachimbaji, Roberts, akaenda kudai kwa serikali itume wataalamu. Wakatumwa Faraday na Charles Lyell. Faraday alishuka shimoni, akauliza mashahidi maswali. Inasimuliwa kwamba alipouliza baruti inawekwa wapi, akaambiwa ameikalia. Ripoti yao ilionyesha kwamba vumbi la makaa liliongeza mlipuko, na ikadai hewa ipite vizuri zaidi. Kwa miaka mingi onyo la vumbi halikufuatwa, watu wakaendelea kufa.

Faraday alikufa mwaka wa 1867. Kwetu kilima kikiporomoka tunazika, kesho yake tunarudi kuchimba. Ndugu zetu, tufanye kama wale wa Haswell: tudai uchunguzi, tudai na ripoti yake isomwe mbele yetu, kisha tufuatilie mpaka ifanyiwe kazi.